Nyamisati, Kijiji Kinacholea Kamba

Ukiishika barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam, ukapita Mbagala, Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana, utafika mji mdogo wa Bungu. Hapo waache wanaoendelea Kibiti na Lindi waende zao, wewe kata kushoto. Mbele yako zipo kilomita kama 40 za mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo, na mwisho wake ni maji. Hapo ndipo Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Wasafiri wengi hawalali hapo. Wanashuka garini, wanapanda boti ya kwenda Kilindoni, Mafia, basi. Sisi tulikaa siku tatu.

Tulikuwa akina mama saba wa usharika mmoja, na wawili kati yetu ni wauguzi. Tulikwenda kumsaidia muuguzi mwenzetu kwenye kliniki ya mama na mtoto. Lakini ndugu msomaji, habari za kliniki umekwisha kuzisoma mara nyingi. Safari hii tunapenda kukueleza habari za kamba. Si kamba ya kufungia mbuzi, ni yule wa baharini, ambaye wengi wetu humjua akiwa ameshapikwa, mwekundu, amejikunja juu ya wali wa nazi. Pale Nyamisati utake usitake utamjua akiwa mzima, maana ndiye anayewavalisha watoto sare za shule.

Kijiji kiko ukingoni mwa delta ya Mto Rufiji. Kabla ya kuingia baharini mto huo hujigawa katika mikono mingi, na kati ya mkono na mkono umejaa msitu wa mikoko. Wataalamu wanasema mikoko ya delta hii ni zaidi ya hekta 50,000, na kwamba hakuna msitu wa mikoko mkubwa kama huu mahali pamoja katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ukiingia kwa mtumbwi kwenye vijito vyake, baada ya kona mbili tatu hujui tena bahari iko upande gani. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha humo, na Waingereza walihangaika nayo miezi mingi mpaka walipoiangamiza mwezi Julai 1915. Kama manowari nzima iliweza kupotea humo, si ajabu kitoto cha kamba kisichozidi punje ya mchele kikaona hapo ndipo penye usalama.

Mama mwenyeji wetu ni mchuuzi wa kamba tangu wanawe wa kwanza wakiwa mgongoni. Jioni ya kwanza alituletea beseni, akaokota mmoja, akatuambia, "Ninyi manesi si mmesoma mwili wa mtu? Haya, someni na wa huyu."

Basi tukasoma. Kamba hana mfupa hata mmoja ndani ya mwili. Mifupa yake ameivaa nje, nalo ndilo gamba. Kichwa chake na kifua vimeungana, vimefunikwa na gamba moja kubwa kama joho. Mbele ya joho hilo umechomoza mwiba mrefu wenye meno kama msumeno. Mwiba huo ndio unaowachoma akina mama vidole, na asubuhi yake pale kliniki tuliwaona watatu wenye vidole vilivyovimba. Kidonda cha mwiba wa kamba si cha kupuuza. Kioshe mara moja kwa sabuni na maji safi, na kikianza kuvimba na kupiga, usikae nacho nyumbani, hasa kama una kisukari.

Macho yake yamekaa juu ya vijiti, kwa hiyo anaona mbele na pembeni bila kugeuza shingo ambayo hana. Vipapasio viwili ni virefu kupita mwili wake, na kwa hivyo anapapasa gizani, maana kamba wengi hutembea usiku na mchana hujituliza topeni. Miguu ya kutembelea ni kumi, jozi tano, na jozi tatu za mbele zina vikoleo vidogo vya kuokotea chakula. Chini ya tumbo kuna jozi nyingine tano, laini kama makafi, ndizo za kuogelea. Tumbo lenyewe lina pingili sita, na mwisho wake ni mkia unaofunguka kama kipepeo cha mkaa. Akishtuka hukunja tumbo kwa nguvu na kurudi nyuma ghafla kama aliyevutwa. Ule msuli wa kurukia kinyumenyume ndio nyama yote tunayokula. Kwa hiyo kile tunachokiita tumbo kina utumbo mwembamba, na mengine mengi yaliyo muhimu yako kichwani.

Yako kichwani kweli. Moyo uko chini ya lile joho, nyuma kidogo. Matamvua ya kuvutia hewa yako pembeni, chini ya gamba hilohilo. Tumbo la chakula liko hapo pia, pamoja na kifuko laini cha rangi ya hudhurungi kinachofanya kazi ya ini na kongosho kwa pamoja. Sisi ambao kila siku tunawapima wajawazito wekundu wa damu tulifurahi kukumbuka kwamba damu ya kamba haina wekundu wowote. Damu yetu hubeba oksijeni kwa madini ya chuma, yake hubeba kwa shaba, nayo ikipata oksijeni huwa na rangi ya samawati hafifu. Ndiyo maana unaweza kusafisha kilo tano za kamba na usione tone la damu mikononi, ila yako mwenyewe ukichomwa.

Na ule uzi mweusi wa mgongoni? Wapo akina mama wanaouita mshipa wa sumu. Si mshipa, wala si sumu. Ni utumbo, na weusi wake ni chakula na tope alilolipitia. Kamba mkubwa mtoe, maana una mchanga unaokwaruza meno. Kwa wadogo usijisumbue.

Tumekaa kichwani muda mrefu kwa sababu ndicho kinachoamua kama mchuuzi atapata au atakosa. Kamba akifa, zile maji za kusagia chakula zilizomo kwenye kile kifuko haziachi kazi. Zinaanza kumsaga mwenyewe, na nyama hulegea kuanzia pale kichwa kinapoungana na mwili. Halafu chini ya gamba huja weusi. Weusi huo si uchafu. Ni jambo lilelile linalotokea ukikata bilinganya au ndizi mbichi ukaiacha mezani. Lakini mnunuzi akiona kichwa cheusi anajua kwamba saa zimepita, na bei inashuka hapohapo. Dawa ni barafu, na Nyamisati barafu nyingi huja na gari.

Usiku wa pili gari halikuja. Mnunuzi alipiga simu kusema limeharibika njiani na angefika alfajiri, Mungu akipenda. Barafu iliyobaki kwenye kasha la mama mwenyeji ilikuwa ya kufunika beseni moja, na mabeseni yalikuwa matatu. Ilikuwa saa nane usiku. Alikaa juu ya kigoda, akayaangalia yale mabeseni bila kusema neno.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kichwa cha kamba ni theluthi moja ya uzito wake, pengine zaidi. Akiving'oa vichwa, kamba watadumu saa kadhaa zaidi bila weusi, lakini kilo tatu zitakuwa kilo mbili, na mnunuzi wake alikuwa ameahidi bei ya kamba mwenye kichwa. Asipoving'oa na gari likachelewa, wote watakuwa weusi. Njia ya tatu ni kuwachemsha kwa chumvi na kuwaanika. Hao hawaozi, lakini wanauzwa kwa bei ndogo. Na hela yote ya kununulia wale kamba kwa wavuvi haikuwa yake. Ilitoka kwenye kikoba cha akina mama, na siku ya kurudisha ilikuwa Jumamosi.

"Tung'oe," alisema mwishowe. Akawaita binti zake wawili na jirani, na sisi tukakunja vitenge tukakaa. Tuling'oa mabeseni mawili mpaka adhana ya alfajiri. Ukishajua namna, hung'oi kwa kuvuta. Unaminya nyuma ya joho kwa kidole gumba, unazungusha kidogo, na kile kifuko cha hudhurungi kinatoka chote pamoja na kichwa. Kikipasukia ndani umefanya kazi bure. Gari lilifika saa moja na nusu asubuhi. Mnunuzi alibishana naye kwa nusu saa, na mwisho alilipa. Faida haikuwepo, lakini hela ya kikoba ilipatikana.

Usiku ule, vichwa vikiendelea kurundikana, mwenzetu mmoja aliuliza, "Mbona hatujaona hata mmoja mwenye mayai?"

"Mwenye mayai humpati huku, dada. Huyo yuko nje, kwenye maji makuu. Huku wako watoto tu."

Hapo ndipo ilipo habari kubwa ya kamba. Kaa jike na kamba koche hubeba mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe, na mama yeyote aliyenunua kaa sokoni ameyaona. Kamba hawa wa kwetu hawabebi. Jike akipevuka, mayai hujaa kuanzia kichwani mpaka mgongoni, na kwa yule kamba mweupe unaona mstari wa kijani ukipita chini ya gamba. Usiku mmoja, huko baharini, huyaachia yote majini kwa mara moja. Si mia wala elfu moja. Kamba mweupe huachia maelfu kwa maelfu, na yule mkubwa mwenye mistari kama pundamilia huweza kufikisha laki kadhaa. Mbegu za dume alishazihifadhi tangu siku alipojivua gamba, maana kamba hawa hupandana jike akiwa ametoka kuvua gamba na mwili ungali laini. Mayai yakitoka, na mbegu zinatoka. Baada ya hapo mama hana habari tena na watoto wake.

Siku moja haijapita, mayai yameanguliwa. Kinachotoka hakifanani na kamba hata kidogo. Ni kidudu kisichoonekana vizuri kwa macho, kinachoelea. Hubadilika umbo mara baada ya mara, kila mara kikijivua gamba, na katika wiki mbili au tatu hivi kinakuwa kamba mdogo sana, mwenye miguu na mkia vilivyokamilika. Wengi kati ya zile laki wameshaliwa kufikia hapo. Waliobaki maji yanayojaa huwasukuma kuelekea nchi kavu, na wao hutafuta mahali maji ya chumvi yanapochanganyika na ya mto. Wakifika penye mikoko, hukaa.

Watu wazima wa pale wanaelewa jambo hili vizuri kuliko tulivyosoma sisi. Kati ya mizizi ya mkoko iliyosimama kama miguu ya buibui, na vijiti vya mchu vilivyochomoza topeni kama kucha, samaki mkubwa hawezi kupita. Majani ya mikoko huanguka na kuoza, na katika kuoza kwake kuna vijidudu na vijimea, na hicho ndicho chakula cha kamba mdogo. Hapo hukaa miezi kama mitatu au minne, akijivua gamba kila anapozidi. Akishalivua, gamba jipya huwa laini kama karatasi iliyolowa, na akikutwa na adui saa hiyo hana la kujitetea. Kwa hiyo hujificha mpaka ligande. Akiwa amepata nguvu hushuka na maji ya kupwa, hasa wakati wa bamvua, akarudi bahari kuu kule alikozaliwa. Mvua nyingi zikinyesha na mto ukajaa, wengi hushuka, na ndiyo maana masika ni neema kwa wachuuzi. Maisha yake yote ni mwaka mmoja, au zaidi kidogo.

Ukishaelewa hayo, jambo tulilolikuta kliniki litakusumbua kama lilivyotusumbua sisi. Kama ilivyo nchini kote, mjamzito anayefika kliniki kwa mara ya kwanza hupewa chandarua chenye dawa, na mtoto anayekuja kwa chanjo ya surua ya miezi tisa naye hupewa. Asubuhi ya kwanza tulisaidia kuvigawa. Jioni, maji yakiwa yamekupwa, tulitembea mpaka kwenye kijito kimoja kilicho nyuma ya nyumba, tukawakuta akina mama wakitanda. Kutanda ni uvuvi wa wanawake. Wawili wanaingia kwenye maji ya kiunoni, wanashika kitambaa kwa pembe zake, wanatembea taratibu na kukiinua. Zamani kilikuwa khanga kuukuu au shuka. Siku ile vitambaa vitatu kati ya vinne vilikuwa vyandarua, na kimoja kilikuwa kipya, mikunjo ya mfuko haijanyooka.

Wanachotafuta ni uduvi. Uduvi ni kamba wa aina yake, na ingawa ni mdogo, yeye ni mtu mzima. Hakui tena. Akianikwa huuzwa kwa kikombe, na kitoweo chake kwa ugali wa muhogo ni kitamu, tena kina protini. Hakuna ubaya kumvua uduvi. Lakini chandarua hakichagui. Tuliomba kuangalia ndani ya beseni, na pamoja na uduvi tuliona watoto wa kamba weupe wengi, wembamba kama njiti ya kiberiti, pamoja na vifaranga vya samaki. Kikombe kimoja cha hao wakianikwa kinauzwa kwa hela ya mboga. Wangeachwa wakakua miezi minne, wangejaza mabeseni kadhaa. Na lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Dawa iliyopakwa kwenye vyandarua haina madhara kwa mtoto anayelala ndani yake, lakini kwa viumbe wa jamii ya kamba na samaki ni sumu kali, hata ikiwa kidogo sana.

Tulimwamkia bibi aliyekuwa anawaongoza. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni." Tulimweleza hayo yote kwa utaratibu. Alitusikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja umeshika pindo la chandarua, halafu akasema, "Nimewaelewa. Na hao watoto wa kamba ninawajua, nimewajua kabla hamjazaliwa. Lakini mwanangu, wenye mitumbwi ni wanaume. Wenye nyavu za macho makubwa ni wanaume. Kamba akikua akatoka nje, ni wa mwanamume. Mimi bahari yangu inaishia hapa kiunoni."

Yule mwenye chandarua kipya alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mtoto wake mgongoni. Asubuhi yake tulikuwa tumempima mtoto huyo, na uzito wake haukuwa mzuri. Hatukuwa na moyo wa kumgombeza. Sheria za uvuvi zinakataza, naye anajua. Malaria anaijua kuliko sisi, maana alishamzika mtoto mmoja. Alichagua kitoweo cha leo, na chandarua cha zamani kilichotoboka kikabaki kitandani.

Siku ya tatu, baada ya kliniki, muuguzi mwenzetu aliwakalisha akina mama chini ya mwembe, na bibi yule alikuwepo. Hatukutoa hotuba. Muuguzi aliuliza tu khanga zilikwenda wapi. Wakajibu khanga hulowa ikawa nzito, maji hayapiti upesi, mikono inachoka. Bibi akasema enzi zao walitanda kwa shuka nyepesi, na walikwenda kwenye fungu la mchanga nje ya mikoko ambako uduvi hupita kwa makundi, hawakuingia kwenye vijito. Wanaotanda vijitoni leo wanaogopa kwenda mbali na watoto. Mazungumzo yakahamia hapo: nani abaki na watoto maji yakipwa, ili wengine waende funguni. Walipanga zamu ya watu wawili wawili. Kuhusu kitambaa walikubaliana kwamba kipya cha kliniki kisiingie majini, na mwenye kuzaa karibuni atembelewe kuangalia kama kimefungwa kitandani. Tulipopiga simu mwezi uliofuata, zamu ya watoto ilikuwa bado inaendelea. La vyandarua lilikuwa nusu kwa nusu.

Si haki kuwatupia lawama zote hao wanaotanda. Meli za kukokota nyavu zilivua kamba katika pwani hii kwa miaka mingi, na kamba walipungua kiasi kwamba Serikali ilizisimamisha kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 2008 hivi. Katika miaka ya 1990 ulikuwepo mpango wa kufyeka sehemu ya delta na kuchimba mabwawa ya kufugia kamba kwa maelfu ya hekta. Wanakijiji wengi waliupinga mpaka mahakamani, na mabwawa hayo hayakujengwa. Upande wa kaskazini wa delta, mikoko inakatwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga, nao wanaolima ni wazazi wanaotafuta chakula vilevile. Tuliwaona wakiwinga ndege, jua kali, watoto juu ya dungu. Baada ya misimu michache wanahamia kipande kingine, na pale walipotoka hapaoti mpunga wala mkoko kwa muda mrefu.

Turudi jikoni. Tulipoandaliwa chakula cha kuagwa, wawili kati yetu hawakula kamba. Mmoja alilelewa katika nyumba ya Wasabato, na kwao kisicho na mapezi na magamba ya samaki hakiliwi, kama ilivyoandikwa katika Mambo ya Walawi. Mama mwenyeji, ambaye ni Mwislamu, alicheka akasema kwake yeye kamba ni halali bila shida, kisha akamkaangia mwenzetu mayai mawili. Wa pili hakula kwa sababu kamba humdhuru. Midomo humvimba na ngozi humwasha. Akina mama, jambo hili msilichukulie kuwa ni deko la mtoto. Mzio wa kamba upo, unatokana na protini iliyomo kwenye nyama yenyewe, na kupika hakuiondoi. Mara nyingi mwenye mzio wa kamba hudhurika na kaa pia. Mtoto akila kamba kisha akawashwa mwili, akavimba midomo au macho, akatapika, usimpe tena mpaka umwone daktari. Akianza kuhema kwa shida au sauti ikakwama, hiyo ni dharura, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Asiye na mzio ale kwa furaha. Kamba ana protini nyingi na mafuta kidogo, ana madini joto, na mjamzito anaweza kumla akiwa ameiva vizuri. Lehemu anayo kiasi cha kutosha, kwa hiyo aliyekatazwa na daktari ajipimie. Unapomnunua, shika gamba. Liwe gumu na linang'aa, kichwa kimeshikana na mwili bila kulegea. Harufu iwe ya bahari. Ukisikia harufu ya mkojo, mwache hapo hapo. Ukifika nyumbani bila jokofu, mpike siku hiyo.

Wekundu unaotokea akiiva umo ndani yake tangu zamani. Ni rangi ya jamii moja na ile ya karoti, ila akiwa mzima imefungwa na protini na haionekani. Moto ukiifungua hiyo protini, rangi hutoka. Mama mwenyeji humpika kwa dakika tatu nne tu baada ya kubadilika, maana akizidi anakuwa mgumu kama mpira. Tui zito huliweka mwisho, moto ukiwa mdogo.

Na vile vichwa tulivyong'oa usiku kucha? Hakuvitupa. Vile vilivyokuwa bado safi alivitenga vilipokuwa vinang'olewa, akaviosha, akavichemsha alfajiri ileile kwa kitunguu, nyanya na limau. Alivitwanga kidogo kwenye kinu, akachuja kwa kitambaa safi mpaka magamba yote yakabaki juu. Supu yake ilikuwa ya rangi ya machungwa, nzito. Aliimimina kwenye chupa ya chai, akampa binti yake mdogo ampelekee yule mama kijana wa kijitoni.